Tatiana Samoilova: mwigizaji aliyecheza kwa mwili mzima

Mwaka 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa, sinema za Muungano wa Kisovieti zilionyesha filamu ambamo Yevgeny Samoilov, akiwa mwanajeshi wa mizinga, anaahidiana na mpenzi wake kwamba watakutana darajani Moscow saa kumi na mbili jioni vita vikiisha. Msichana anangoja, mwanajeshi anarudi, wanakutana. Ndivyo ilivyotakiwa iwe: shairi la Konstantin Simonov la 1941, "Ningoje", lilikuwa mifukoni mwa askari wengi kama sala. Miaka 13 baada ya filamu ile, binti wa Yevgeny Samoilov akapewa nafasi ya msichana ambaye hakungoja.

Binti huyo ni Tatiana, aliyezaliwa Leningrad tarehe 4 Mei 1934 na kukulia Moscow. Akiwa mtoto alijifunza baleti kwa miaka kadhaa katika shule ya jumba la muziki la Stanislavski na Nemirovich-Danchenko, na alikuwa na kipaji kiasi kwamba Maya Plisetskaya, mchezaji baleti mashuhuri, alimkaribisha kwenye shule ya baleti ya Bolshoi. Hakwenda. Akachagua uigizaji, akaingia Shule ya Shchukin, ile inayolisha waigizaji jumba la maigizo la Vakhtangov, na mwaka 1955 akaonekana kwa mara ya kwanza kwenye filamu, "Mexicanets", iliyotokana na hadithi ya Jack London.

Ile baleti naomba uishike, kwa sababu bila hiyo huwezi kueleza kilichotokea mwaka 1957. Mchezaji wa baleti hufundishwa kubeba hisia kwa shingo, mabega na uzito wa hatua, kwa kuwa mtazamaji wa viti vya nyuma hauoni uso wake. Samoilova aliingia kwenye filamu na elimu hiyo mwilini. Ukimtazama kwa makini, utaona kwamba katika sehemu zake nzito kabisa mara nyingi ametupa mgongo, au anakimbia, au amesimama wima pasipo kutingisha chochote isipokuwa vidole.

Aliingia pia wakati mzuri. Katika miaka ya mwisho ya Stalin studio za Kisovieti zilikuwa karibu zimesimama; mwaka 1951 nchi nzima ilitoa filamu ndefu tisa tu. Kila hati ya filamu ilipitia mikono mingi, kila filamu ilipaswa kuwa kazi kuu ya taifa, na kijana aliyetoka chuoni alikaa miaka bila nafasi. Stalin akafa Machi 1953, mrithi wake Khrushchev akatoa hotuba yake ya Februari 1956 ya kumlaumu Stalin, na hewa ikalegea. Studio ya Mosfilm ikaanza tena kutafuta nyuso mpya. Viktor Rozov alikuwa na mchezo wa jukwaani alioandika mwaka 1943, wakati wa vita vyenyewe, kuhusu Veronika, ambaye mchumba wake Boris anajitolea kwenda vitani na yeye anaishia kuolewa na binamu yake Boris, Mark. Mchezo huo ulikaa muda mrefu bila kuchezwa, kisha mwaka 1956 ukafungua pazia la jumba jipya la maigizo la Sovremennik. Mwaka uliofuata mwongozaji Mikhail Kalatozov akaufanya filamu: "Letyat zhuravli", yaani "Korongo Wanaruka". Boris ni Aleksei Batalov, baba yake Boris, daktari, ni Vasily Merkuryev, na mpiga picha mkuu ni Sergei Urusevsky.

Urusevsky ndiye aliyekuwa mwigizaji mwenza wa kweli wa Samoilova kuliko hata Batalov. Alisomea uchoraji, kisha akafanya kazi ya mpiga picha wa mstari wa mbele vitani, na huko alizoea kamera ndogo inayobebwa mkononi. Kwa "Korongo" alitumia Konvas, kamera ya milimita 35 iliyopewa jina la mbunifu wake, Vasily Konstantinov. Kamera hiyo ilibeba kasha la filamu la mita 60 au la mita 120. Kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, mita 60 ni dakika mbili na sekunde kumi hivi, na mita 120 ni dakika nne na sekunde ishirini. Kwa hiyo shoti ndefu, yaani kipande kinachopigwa bila kukata, ilikuwa na kikomo kinachojulikana kabla ya kuanza, na mwigizaji alilazimika kufika mwisho wa hisia kabla filamu haijaisha kashani. Konvas pia ina kelele. Ukiiwasha jirani na mwigizaji, kipaza sauti kinanasa mngurumo wake, ndiyo maana maneno ya shoti za namna hii hurekodiwa upya studioni, mwigizaji akitazama picha yake na kusema tena kwa kufuata midomo. Unaweza kusikia hilo: sauti ya Veronika mara nyingine iko karibu kuliko mwili wake.

Jambo la pili ni lenzi. Urusevsky alipenda lenzi pana. Lenzi pana ina faida mbili kwa kamera ya mkononi: mtikisiko wa mpiga picha hauonekani sana, na vitu vya karibu na vya mbali hubaki vikali kwa pamoja, hivyo mwigizaji halazimiki kukanyaga alama ya chaki kwa usahihi wa sentimita. Anaweza kukimbia kwelikweli. Lakini ina gharama. Ili uso ujae fremu, kamera lazima iwe hatua moja au mbili tu kutoka puani, na kila hatua ya mbele inakuza mwili ghafla. Mwigizaji aliyezoea jukwaa hutenda kupita kiasi mbele ya lenzi hiyo na uso wake huonekana kama barakoa. Samoilova hakukosea hapo. Uso ameutuliza, mwendo ameuacha kwa miguu.

Mfano bora ni sehemu ya kuagana. Veronika amechelewa, Boris anaondoka na wenzake kutoka uwanja wa kukusanyika. Shoti inaanza ndani ya basi, kamera ikimtazama kwa karibu akichungulia dirishani kwa wasiwasi. Anashuka, na kamera inashuka naye, ikimfuata katikati ya umati. Kisha, bila kukata, kamera inapanda juu na kumwona akikatiza mbele ya vifaru vinavyopita barabarani. Hii ilifanyika hivi: mpiga picha alianza na kamera mkononi ndani ya basi, akashuka na kutembea nyuma ya mwigizaji, halafu akapanda kwenye jukwaa la kreni lililokuwa likimsubiri na kuinuliwa. Kinachoweza kuharibika ni kingi. Mpiga picha akikanyaga jukwaa kwa kishindo, picha inaruka. Mwigizaji akiharakisha kidogo, anatoka kwenye fremu kabla kreni haijainuka. Mtu mmoja wa umati akitazama kamera, kazi yote inarudiwa. Samoilova anaonekana kama aliyepotea kabisa, na wakati huohuo anashika mwendo wa vipimo kamili. Hapo ndipo miaka ya baleti ilipolipa.

Baada ya hapo anafika kwenye uzio, anamtafuta Boris kwa macho, hamwoni. Ana pakiti ya biskuti alizomletea. Anairusha juu ya vichwa vya watu kuelekea safu ya wanajeshi; inapasuka, biskuti zinamwagika, na mabuti yanapita juu yake. Hakuna machozi ya karibu, hakuna hotuba. Mkono mmoja umerusha, basi.

Ngazi nazo ni hadithi yake. Mwanzoni Boris anamkimbilia Veronika ngazini, ghorofa baada ya ghorofa, na kamera inapanda pamoja naye ikizunguka. Mtu akikimbia ngazini na kamera mkononi, picha hudunda juu na chini kwa kila kidato na mtazamaji hupata kizunguzungu. Kwa hiyo ngazi ilijengwa kama seti, ikizunguka nafasi tupu ya katikati, na kamera ikapandishwa katika nafasi hiyo huku ikigeuka kumfuata Batalov. Mzunguko huo unarudi Boris anapopigwa risasi kwenye kinamasi: miti ya mibetula inazunguka juu yake, na juu ya miti inawekwa picha ya ngazi ileile na ya harusi ambayo haitafanyika, Veronika akiwa kwenye shela.

Wazazi wake Veronika wanauawa na bomu. Anapanda ngazi za jengo lililobomoka, anafungua mlango, na nyuma ya mlango hakuna chumba; kuna anga, na saa ya ukutani inayoendelea kupiga. Familia ya Boris inamchukua. Usiku wa shambulio jingine la anga anabaki nyumbani na Mark, madirisha yanavunjika, Mark anamlazimisha, naye anampiga kofi, tena na tena, hadi nguvu zinamwisha. Mark anambeba akikanyaga vioo vilivyovunjika, na papo hapo picha inakatwa kwenda kwenye miguu ya Boris ikikanyaga tope la vitani. Ukataji huo mmoja umebeba hukumu yote ambayo hati ilikataa kuitoa kwa maneno.

Kwa sababu Veronika hahukumiwi. Hili ndilo lililowakera baadhi ya wakubwa wa nchi na kuwapa faraja mamilioni ya wanawake waliokuwa wamepitia vita. Kwenye filamu za awali mwanamke aliyemwacha askari alikuwa mfano mbaya, mtu wa pembeni, wa kudharauliwa. Hapa yeye ni kiini. Wakiwa wamehamishiwa Siberia anafanya kazi hospitalini, na siku moja askari mmoja majeruhi anapandwa na wazimu kwa kusikia kwamba mchumba wake ameolewa na mwingine. Baba yake Boris, ambaye ni daktari mkuu, anamtuliza kwa kuwalaani wanawake wasiongoja. Veronika amesimama pale anasikiliza. Mtazame mabega yake katika shoti hiyo: yanajikunja polepole kila neno linapotua, na mzee hana habari anamchoma nani. Kisha anatoka mbio kuelekea reli. Matawi na uzio vinapita mbele ya lenzi kama mijeledi, treni inakuja, na kinachomwokoa ni mtoto mdogo anayekaribia kugongwa na lori. Anamnyakua. Mtoto anaitwa Borka, kifupi cha Boris. Hati dhaifu ingetia hapo maneno mengi. Yeye anamkumbatia tu mtoto kama mtu aliyeshika kamba ya kisima.

Filamu iliuza tiketi milioni 28.3 nyumbani. Mei 1958 ikapata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, na majaji wakamtaja Samoilova kwa pongezi maalumu. Alitimiza miaka 24 mwezi huohuo. Uingereza nako aliteuliwa kwa tuzo ya mwigizaji bora wa kigeni ya BAFTA.

Swali ambalo kila anayemjua huuliza: kwa nini baada ya hapo filamu zake nzito zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja?

Jibu la kwanza liko kwenye mfumo. Mwigizaji wa Kisovieti hakuwa na wakala wala mkataba wake binafsi. Aliajiriwa, kwa upande wake kwenye Jumba la Studio la Waigizaji wa Filamu, akalipwa kwa daraja lake na kwa siku za kupiga picha. Mwongozaji akimtaka, alifanyiwa majaribio ya picha mnato, kisha majaribio ya filamu, kisha baraza la sanaa la studio likakaa na kuamua. Baraza lilitafuta mtu anayefaa picha iliyozoeleka: mfanyakazi wa kiwanda mwenye furaha, mwalimu, mama. Uso wa Samoilova, wenye macho meusi yaliyopanda pembeni, ulibeba wasiwasi hata akiwa kimya, na wasiwasi haukuwa na nafasi nyingi kwenye mipango ya uzalishaji ya mwaka. Mialiko ya nje nayo haikumfikia yeye moja kwa moja. Ilipitia ofisi za serikali, na ofisi hizo ndizo zilizosema ndiyo au hapana. Zilizokubaliwa ni zile za ushirikiano rasmi: filamu ya Ufaransa na Usovieti mwaka 1960, "Alba Regia" ya Hungaria mwaka 1961 ambamo anacheza mpelelezi wa Kisovieti anayetuma ujumbe kwa redio, na ile ya Giuseppe De Santis wa Italia mwaka 1964 kuhusu askari wa Kiitalia walioletwa kufa Urusi.

Jibu la pili, na nadhani ndilo zito zaidi, ni kwamba uigizaji wake ulihitaji kamera inayomfuata. Ushahidi ni "Neotpravlennoye pismo", "Barua Ambayo Haikutumwa", kazi ya pili ya Kalatozov na Urusevsky pamoja naye, iliyotoka 1960. Hadithi ilikuwa ya mwandishi Valery Osipov, aliyekuwa mume wake wakati huo baada ya kuachana na mwigizaji Vasily Lanovoy. Wanajiolojia wanne wanatafuta almasi Siberia. Jambo hilo lilikuwa habari ya kweli ya miaka ile: Larisa Popugaeva aligundua bomba la kwanza la kimberlaiti, mwamba unaobeba almasi, huko Yakutia, Siberia, mwaka 1954, na bomba kubwa la Mir likafuata mwaka 1955. Katika filamu wanazipata almasi, kisha msitu unashika moto na njia ya kurudi inapotea. Wenzake ni Innokenty Smoktunovsky, Yevgeny Urbansky na Vasily Livanov. Kuna kazi ya ajabu humo, watu wakikimbia ndani ya moshi na kamera ikikimbia nao, ndimi za moto zikiwekwa juu ya nyuso. Wahakiki wa nyumbani waliilaumu kwamba kamera imemmeza binadamu, na neno "fomalizimu", shutuma ya zamani ya kujali umbo kuliko maudhui, likatoka tena kabatini. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli. Katika "Korongo" kamera inamfuata Samoilova; katika "Barua" mara nyingi inamtangulia, na yeye anabaki umbo dogo kwenye majivu. Hata hivyo kuna dakika chache, Tanya, mhusika wake, akiwa ameishiwa nguvu kwenye baridi, ambapo mwili wake unazima kiungo kimoja baada ya kingine, na hakuna mwigizaji mwingine wa wakati ule ambaye angeweza kufanya hivyo bila kulia.

Baada ya hapo Kalatozov na Urusevsky wakaenda Cuba kutengeneza filamu nyingine kubwa, bila yeye.

Akarudi kileleni mwaka 1967 na "Anna Karenina" ya Aleksandr Zarkhi, na hapa alilazimika kujifunza upya. Filamu ilitengenezwa kwa muundo mpana wa milimita 70. Kamera ya muundo huo ni nzito, haibebwi mkononi ngazini. Hukaa kwenye reli na husogea kwa taratibu. Fremu yake ni pana zaidi ya mara mbili ya kimo chake, kwa hiyo mtu aliyesimama wima huacha nafasi tupu kubwa kulia na kushoto, na kina cha ukali ni kifupi: mwigizaji akiinama mbele kidogo, macho yanakuwa makali na masikio yanafifia. Hapa alama ya chaki lazima ikanyagwe. Tena picha hiyo inaonyeshwa kwenye ukuta mkubwa, ambako kope ikicheza inaonekana kama mlango unaofunguliwa. Samoilova akapunguza miguu na kuhamishia kazi shingoni na mikononi. Kwenye dansi, akiwa na gauni jeusi kama Tolstoy alivyomvika Anna kwenye riwaya, anacheza na mpenzi wake Vronsky karibu bila kubadilisha uso, lakini shingo inainuka kidogo kila mzunguko.

Vronsky huyo alikuwa Lanovoy, mume wake wa zamani. Watu hupenda kusimulia hilo kama udaku. Lenye maana kwa kazi ni kwamba wote wawili walikuwa wa shule moja na wanajuana kupumua, na sehemu za ugomvi zinakwenda kwa kasi ambayo wageni wawili wasingeifikia. Karenin, mume wa Anna, ni Nikolai Gritsenko, na kwangu mimi mazungumzo yake na Samoilova ndiyo bora ya filamu nzima: Karenin analiza viungo vya vidole vyake kwa mlio mkavu, naye Anna anakaza taya asikie na asionyeshe. Plisetskaya, yuleyule aliyemkaribisha Bolshoi zamani, anacheza Betsy. Muziki ni wa Rodion Shchedrin, mume wa Plisetskaya, ambaye mwaka 1972 alitoa baleti ya Anna Karenina, na Plisetskaya akamcheza Anna jukwaani. Filamu ilikuwa kwenye mashindano ya Cannes ya 1968, mwaka ambao tamasha lilikatishwa katikati kwa sababu ya maandamano ya Ufaransa, hivyo hakuna tuzo zilizotolewa kwa yeyote.

Miaka ya 70 ina nafasi chache za pembeni, kisha ukimya mrefu sana, kisha filamu na tamthilia kadhaa baada ya 2000. Urusi mpya ilimpa cheo cha Msanii wa Watu mwaka 1993, umri wake ukiwa karibu 60. Alifariki Moscow Mei 2014, siku ya kutimiza miaka 80, akazikwa kwenye makaburi ya Novodevichy.

Kwa anayetaka kumwona, anza na "Korongo", dakika 97, nyeusi na nyeupe. Studio ya Mosfilm imeweka filamu zake nyingi za zamani kwenye chaneli yake ya YouTube, na hapo picha ni nzuri kuliko nakala zinazopitishwa mkono kwa mkono. Umbo la filamu hiyo ni la karibu mraba, kwa hiyo kwenye televisheni ya leo lazima uone michirizi myeusi kulia na kushoto. Ukiona picha imejaa kioo chote, ama imevutwa, na Veronika amenenepa, ama imekatwa juu na chini, na Urusevsky aliweka vitu muhimu hukohuko: korongo juu, miguu chini. Zima pia mpangilio wa televisheni unaolainisha mwendo, kwa sababu unaua mikimbio. Itazame mara ya kwanza kwa hadithi. Mara ya pili zima sauti kuanzia sehemu ya basi hadi biskuti, umfuate kwa mabega tu.

Kisha "Barua", dakika 96, kwenye kioo kikubwa kadiri unavyoweza. Simu haifai, moshi na nyuso vinachanganyika. "Anna Karenina" iache ya mwisho. Ina sehemu mbili, na usikubali nakala yenye umbo la mraba: hiyo ilikatwa pembeni kwa ajili ya televisheni za zamani, na katika mazungumzo ya Anna na Karenin utamwona mmoja tu kwa wakati mmoja, ilhali kilichotengenezwa ni kumtazama mmoja akinyamaza wakati mwingine anasema.